Dobi anayekamua shuka kwa nusu ya shairi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Uani mwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na vinne, dobi anainamia karai na kuibua shuka ya kwanza ya siku. Anaikunja kwa urefu, analifunga pindo moja kwenye kulabu ya chuma iliyopigiliwa ukutani, anarudi nyuma hatua nne na kuanza kuisokota.

“Jua halijatutoka,” anasema kwa sauti iliyo kati ya kuongea na kuimba.

Kisha ananyamaza. Maji yanachuruzika sakafuni, mikono imetulia, na mgeni angedhani mtu huyu amesahau alichotaka kusema. Hajasahau. Anahesabu. Akifika nane, anasokota tena.

“Kamba nimeshaiweka.” Kimya cha pili.

“Wingu likishafunika.” Kimya cha tatu.

Ndipo anaifungua shuka kwenye kulabu, anaikung’uta hadi inalia pa! na kutamka mstari mzima bila kusita: “Si ya mkono mmoja, shuka ikaja kauka.”

Shuka moja imekwisha. Zimebaki arobaini na moja.

Hapa anaitwa Nusu. Jina hilo alipewa na wapishi wa nyumba hiyohiyo, waliochoka kumsikia kila asubuhi akianza maneno asiyoyamaliza. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu na hana kinyongo na jina hilo.

“Si wamesema kweli?” anacheka. “Shairi ninalo nusu. Nusu nyingine aliondoka nayo dada yangu.”

Pembeni mwa ua ipo mashine ya kufulia iliyofunikwa turubai, imekaa kama mgeni asiye na nia ya kuaga. Iliharibika mwaka wa kwanza. Mama mwenye nyumba alitaka kuitengeneza, lakini fundi alipotaja bei, mama akamgeukia dobi na kusema, “Wewe huharibiki, endelea.” Naye akaendelea. Shuka arobaini na mbili kwa watu wawili ni kazi ya saa mbili. Kwa mtu mmoja na kulabu, ni saa nne na nusu.

Shairi lake halimo kitabuni. Bibi yake mzaa mama alilikuta kwa wafua nguo wenzake, akamrithisha binti yake, na binti akawarithisha watoto wake wawili, wa kike na wa kiume. Ni shairi la kazi, na kazi yenyewe ndiyo hii ya kukamua. Watu wawili hushika shuka, huyu pindo hili na yule pindo lile, na maneno ndiyo yanayowagawia zamu ya kusokota.

Kwa hiyo kila mshororo umekatwa katikati. Kipande cha kwanza, ambacho wajuzi wa ushairi hukiita ukwapi, kilikuwa cha mtu aliyesimama upande wa karai. Kipande cha pili, utao, kilikuwa cha aliyesimama upande wa kamba ya kuanikia. Mshororo wa nne, yaani kituo, waliusema kwa pamoja huku wakiikung’uta shuka.

“Mimi nilikuwa mfupi, mama akaniweka kwenye karai,” anasema Nusu. “Dada alikuwa mrefu, akawekwa kwenye kamba. Ni hivyo tu. Ningekuwa mrefu mimi, leo ningekuwa na ile nusu nyingine.”

Mama yao hakujua kusoma, lakini katika mizani hakuwa na mchezo. Aliwafundisha kuhesabu silabi kwa vidole vinane, vinne mkono huu na vinne mkono ule. Vidole gumba havikuhesabiwa kwa sababu vilikuwa na kazi ya kushikilia shuka. Nane kwako, nane kwa mwenzako. Ukiishiwa na maneno kabla ya vidole, au ukaishiwa na vidole kabla ya maneno, ulirudia ubeti mzima, na shuka ikawa nzito mara mbili.

Ubeti anaoukumbuka wote, nusu zote mbili, ni wa kwanza tu:

Ndugu yangu nakutaka, simama hapa pamoja,
Pindo lako ukishika, langu nalo linangoja,
Maji yapate kutoka, lisibaki tone moja,
Si ya mkono mmoja, shuka ikaja kauka.

Baada ya hapo zipo beti sita. Kila moja ina vipande vitatu vya dada, kwa hiyo vilivyopotea ni kumi na vinane. Inawezekanaje mtu akasikia maneno kila siku kwa miaka kumi na mitano na yasibaki? Swali hilo linamchoma, na analijibu akiwa ameipa kazi macho.

“Masikio yangu hayakuwa yanasikiliza,” anasema. “Yalikuwa yanangoja zamu yangu.”

Siku waliyomzika mama, Nusu alikuwa na miaka ishirini na miwili na dada ana ishirini na mitano. Nyumba ilijaa watu. Dada alisimama katikati ya chumba, akamtazama mdogo wake na kusema, “Anza.” Yeye ndiye wa kuanza, ukwapi ndio unaotangulia. Lakini mlangoni walikuwepo rafiki zake, vijana wenzake wa mtaani, na tangu mwaka ule alikuwa ameshaanza kuona aibu kuitwa mtoto wa mfua nguo.

Hakuanza. Aliinamisha kichwa, akatoka nje.

“Nikiwa uani nikamsikia,” anasema. “Alikuwa anasema nusu yake peke yake. Ilipofika zamu yangu alikuwa ananyamaza, anangoja, halafu anasema yake. Beti zote saba. Na mimi niliziba masikio. Mara moja tu maishani ningesikia vipande vyake peke yake, bila sauti yangu kuviingilia, na nikaziba masikio.”

Wiki mbili baadaye dada alifunga mzigo wake. Hawakugombana kwa maneno. Aliaga majirani wote, mdogo wake akamuaga kwa mkono. Mwaka huu ni wa thelathini na moja.

Mke wa Nusu, mshonaji wa sare za shule, ameishi na shairi hilo tangu siku ya kwanza ya ndoa. “Watu wanaolewa na mume na mawifi,” anasema huku akikata uzi kwa meno. “Mimi nimeolewa na mume na kimya cha wifi. Nimuonee wivu mtu ambaye hata sura yake siijui? Ila nakwambia, siku akija, nina maneno naye. Atajua kwamba kuna mtu hapa amepika kwa miaka ishirini na sita akisikiliza nusu.”

Miaka miwili iliyopita, mke huyohuyo ndiye aliyemsukuma kwenda kutoa tangazo redioni. Nusu alisoma ukwapi wa ubeti wa kwanza, akataja namba yake ya simu, na kumwomba mwenye upande wa pili ajitokeze. Simu zikaanza kulia.

Mwanamke wa kwanza alimpa vipande vitatu vilivyoishia na -ka. Nusu hakuhitaji hata kuhesabu. Katika ubeti wa kwanza, vipande vyake yeye vinaishia na -ka na vya dada vinaishia na -ja, na anajua vyake vinashika -ka hadi ubeti wa saba. Alimwambia yule mama pole, kwa sababu alisikika kama mtu anayetafuta ndugu yeyote, hata wa kuazima.

Wa pili alikuwa mzee mmoja mpenda mashairi. Alipiga akaomba asomewe shairi lote lililobaki, kisha akatuma barua yenye vipande vyote kumi na vinane alivyovitunga mwenyewe, mizani nane kamili, vina vya -ja mwanzo hadi mwisho. Chini akaandika, “Nimekusaidia.” Nusu alivisoma mara moja na kuvirudisha kwenye bahasha.

“Vilikuwa safi mno,” anasema. “Huyo hajawahi kulowa.”

Basi akajiona mjanja. Alikuwa na kipimo ambacho tapeli hawezi kukipita: kina cha -ja na vidole vinane. Na kipimo hicho ndicho kilichomponza.

Mwaka jana, mwezi wa pili, mchana, simu iliita akiwa anapiga pasi foronya. Namba hakuijua. Upande wa pili kulikuwa na kelele za injini na watu, na sauti ya mwanamke mtu mzima.

“Mdogo wangu,” sauti ilisema. “Ni mimi.”

Sauti ya dada aliyoijua yeye ilikuwa ya binti wa miaka ishirini na mitano. Hii haikuwa hiyo. “Kama ni wewe,” akajibu, “nipe upande wako. Ubeti wa nne, mshororo wa tatu.”

Hakuuchagua kwa bahati. Ubeti huo, kwa upande wake, unasema: Siku zikipukutika. Na nyumba ikigawika. Mkono wangu ukichoka. Hapo hukatika, na jibu liko kwa dada.

“Katika vyote kumi na vinane, nilikitaka hicho,” anasema. “Kila siku nasema mkono wangu ukichoka, na sijui kama ukichoka inakuwaje. Niliwahi kuambiwa. Niliambiwa kila siku, nikasahau.”

Mwanamke alijibu papo hapo, bila kuvuta pumzi. Nusu alihesabu kwa vidole juu ya foronya. Kipande kilikuwa na kina cha -ja. Lakini vidole vilikuwa saba.

“Nikamwambia,” anasema, na hapa anaacha kazi, “nikamwambia, ‘Mama, hesabu yako haijatimia. Nenda kajipange.’”

Sauti ikasema, “Haya.” Simu ikakatika.

Miezi minane ilipita. Mwalimu mstaafu wa lugha, mama wa miaka sabini anayeleta mapazia yake kufuliwa, alikuwa ameketi uani akingoja mzigo wake. Akasikia zile nusu, na kama walimu wote akashindwa kuvumilia jambo lililoachwa bila kumalizwa.

“Mwanangu, hebu niandikie hilo shairi lote,” alimwambia. “Lote ulilonalo.”

Nusu hakuwa amewahi kuliandika. Alilisema taratibu, Mwalimu akaandika nyuma ya kadibodi ya kukunjia mashati, nafasi za dada zikiachwa wazi. Kisha Mwalimu akaanza kulichambua, kalamu ikikata mkwaju baada ya kila silabi.

Kwanza vina. Alimwonyesha kwamba ni -ka na -ja kuanzia mwanzo, na kwamba kwenye kituo vina hivyo hubadilishana nafasi, -ja ikaja katikati na -ka ikaenda mwisho. “Waliotunga hili walijua kazi yao,” alisema. “Hapa kwenye kituo, kina cha dada yako kimehamia upande wako, na chako kimehamia kwake.”

Kisha marudio. Kituo kile hakibadiliki, kinarudi mara saba. Mwalimu alimuuliza kwa nini anadhani kinarudi, na Nusu akajibu kwamba ndipo wanapokung’uta shuka. Mwalimu akasema ni sawa, lakini pia ndipo pekee ambapo sauti mbili zinakuwa moja. Kila ubeti unawatenganisha kwa mistari mitatu na kuwarudisha pamoja kwenye wa nne. Nusu anakiri kwamba alijifanya anakagua kamba.

Mwishowe mizani. Mwalimu alikwenda ubeti kwa ubeti, akihesabu vipande vya Nusu, maana vya dada havikuwepo. Nane. Nane. Nane. Alipofika ubeti wa nne, mshororo wa tatu, kalamu ilisimama. Akahesabu tena.

“Hiki kina tisa,” alisema.

“Haiwezekani, Mwalimu. Nimekisema maisha yangu yote.”

“Umekiimba. Hesabu sasa.”

Nusu aliinua mikono yake miwili. M-ko-no-wa-ngu-u-ki-cho-ka. Vidole vinane vikaisha, na silabi moja ikabaki bila kidole. Ilibidi aishushe kwenye kidole gumba. Wimbo ulikuwa umezimeza zile u mbili zinazofuatana, na sikio lake halikuwahi kuzidai. Kwa miaka yote hiyo alihesabu vya wengine kwa ukali, chake hakukigusa. Nyani haoni kundule.

“Yule mama wa kwenye simu alisemaje?” Mwalimu aliuliza. Kisa hicho alikuwa ameshasimuliwa.

Nusu alirudia kile kipande cha mizani saba. Alikikumbuka barabara, kwa kuwa alikihesabu mara nyingi akijipongeza. Mwalimu akakiandika kwenye nafasi iliyokuwa wazi na kuusoma mshororo mzima kwa sauti. Tisa na saba. Kumi na sita, kama mishororo mingine yote. Maana yake ilikaa kama kifungo kwenye tundu lake.

Mwalimu alivua miwani. “Mwanangu,” alisema, “huyu hakukosea. Aliyetunga alikopa mzani mmoja upande wako, akaulipa upande wake. Tapeli angekuja na nane.”

Dobi alipindua ndoo, akaketi juu yake. Mapazia ya Mwalimu hayakuwa tayari siku hiyo.

Leo anaeleza jambo hilo kwa lugha ya karai, na mwandishi wa simulizi hii anakiri hakusikia mwalimu yeyote akilieleza vizuri zaidi. “Mkono ukichoka, unachelewa kuachia zamu,” anasema. “Mwenzako akikuona umechelewa anafupisha ya kwake, shuka isije ikalegea. Dobi yeyote aliyekamua na mwenzake anajua. Mikono yangu ilijua siku zote, mimi nikaamini vidole.”

Jioni ileile aliipiga ile namba. Ilipokelewa na kijana muuza vocha kwenye kituo cha mabasi cha mji mwingine, mbali sana. Watu ishirini kwa siku humwomba simu, alisema. Lakini mama mmoja alimkumbuka, kwa sababu alikuwa na begi, na kabla ya kupiga alikuwa ameulizia basi la kuja huku linaondoka saa ngapi.

“Na baada ya kupiga?” Nusu aliuliza.

“Baada ya kupiga hakuuliza tena, mzee. Alinishukuru, akaondoka na begi lake.”

Nusu anasimulia hayo bila kulia, lakini shuka aliyoishika imekaa mkononi muda mrefu kuliko inavyohitaji. Anamkumbuka dada yake. Anasema hivyo wazi, kama mtu anavyosema ana kiu. Anaikumbuka sauti yake kabla haijazeeka, na angependa kuizoea hii iliyozeeka. Radi ikipiga anawaza kama dada ameanua nguo. Akipata shuka mpya yenye uzito mzuri, ile inayotoa maji mengi, anatamani angekuwepo aione.

Mwandishi alimwomba amsaidie kushika pindo moja, walau shuka ya mwisho. Nusu aliitazama mikono ya mwandishi kwa huruma.

“Mikono ya kalamu hiyo, itachubuka bure,” alisema. Kisha akaongeza taratibu, “Halafu upande huo una mwenyewe.”

Jumatatu ijayo anasafiri. Amepata kazi ya wiki mbili katika nyumba ya wageni iliyo mkabala na kile kituo cha mabasi. Dobi wa pale anakwenda likizo, na ua wake unatazamana na njia wanayopita abiria. Mama mwenye nyumba wa huku amenung’unika kutwa nzima, kisha akampa ruhusa na sabuni ya akiba. Mke wake amemfungia mzigo, ndani yake kanga mbili mpya ambazo si za mume.

Mpango wake ni mwepesi. Atafua, atakamua, na atasema nusu yake kwa sauti kubwa kuanzia basi la kwanza hadi la mwisho, akiacha nafasi za dada wazi, kama dada alivyomwachia zake siku ile. Kwa ubeti wa nne, mshororo wa tatu, atanyamaza kwa vidole saba.

Ameomba kile kipande kisichapishwe hapa. Anakitunza kwa mwenyewe. Wala hakutaka namba yake ya simu iandikwe. Anasema dada anayo, na haijabadilika. Aliomba nafasi ya mistari miwili tu, kwa sababu dada yake alikuwa msomaji, hata gazeti lililofungiwa sabuni alikuwa analinyoosha na kulisoma.

Aliinuka kutoka kwenye karai, maji yakidondoka kutoka kwenye viwiko. Kisha akasema polepole, ili isikosewe:

“Andika hivi. Dada, yako haikupungua. Yangu ndiyo iliyozidi.”